Balozi alivyokwama kwenye kiti cha Zuhura

Jumapili, Chanzuru

Ndiyo, kiti nimekimaliza, ila aliyekikalia kwanza si mwanangu.

Nesi wa Kilosa alituambia ubongo wa Zuhura hauushiki mwili vizuri, tukizidi kumwegemeza kwenye gunia mgongo utapinda. Akae wima, makalio yaingie ndani kabisa, miguu ikanyage kitu. Basi leo nikapiga mbao, nikatia na mkanda wa kifuani.

Mara akaingia Balozi wa nyumba kumi, kuuliza mbona sikuonekana shamba la ujamaa. Mgeni lazima apewe kiti, na nyumbani kipo hicho tu! Akajibana humo, akakwama.

"Mzee, toa pumzi!"

"Vuta, acha maneno! Na kesho shambani nikuone!"

Zuhura alicheka mpaka akateleza kwenye gunia. Tulipomchomoa Balozi na kumkalisha Zuhura, shingo ikasimama. Akamaliza uji bila kupaliwa. Mama yake akalia, mimi nikajifanya natafuta nyundo.

Naogopa tu, akikua kitambana kama Balozi. Nitahitaji mbao tena.

Sasa wewe daftari, tukubaliane. Usimwambie mke wangu kwamba mbao nimezitoa kwenye chaga za kitanda, upande wake, nami sikuchani tena karatasi za kufungia karanga.