Aliyemwosha Mama

Kaloleni, Kisumu
3 Machi 2024

Mdogo wangu Aaliyah,

Assalaam aleikum. Hujambo huko kwenye baridi? Yale magoti yamepoa? Sisi wazima, ila presha yangu imepanda na sababu ni wewe. Nakuandikia barua kwa kuwa nikipandisha sauti kwa simu unakata.

Kitabu chako kimefika huku kwa Kiingereza. Binamu yetu Mukhtar alikinunua Nairobi, na tangu Ijumaa mtaani hakukaliki. Mjomba Nasir ameapa hatalitamka jina lako tena, maana umeandika, na jina lake kamili, kwamba alijitwalia nyumba ya Babu. Lornah, yule jirani muuza dagaa wa omena, anasomewa mahali ulipomwita mbea na anacheka hadi machozi. Siku hizi anatembea kama mke wa gavana. Hata paka wetu yumo. Yawa, Aaliyah, hata paka!

Nikajitafuta na mimi. Nikampa binti yangu Amirah asome kurasa zote. Akaniambia, "Mama, wewe haumo."

Unakumbuka kitabu chako cha kwanza, ulipomwanika mama mkwe wako Gudrun, na magazeti ya Norway yakakushukia? Nilikutetea. Cha pili ukamwanika mumeo Eivind mpaka akahama nyumba. Nikakutetea tena, nikasema mwandishi ni mwandishi. Kumbe nilikuwa nangoja zamu yangu. Nilikuwa tayari kutukanwa, walai. Kufutwa sikuwa tayari.

Halafu ule ukurasa wa kumwosha Mama. Umeandika kwamba ulimwosha wewe, ukammiminia maji, ukaziona nyayo zake bado zina hina ya harusi ya mtaani. Aaliyah, hina ile nilimpaka mimi. Maji nilimmiminia mimi, pamoja na Bi Rukia mwosha maiti. Nilikusimulia kwa simu nikilia, wewe ukiwa Bergen. Leo Wazungu wanakuonea huruma kwa kazi ya mikono yangu. Naona wivu, ndiyo. Nakuambia bila haya.

Dada yako,
Saumu


Bergen
21 Machi 2024

Dada Saumu mpendwa,

Waaleikum salaam, na Ramadhani njema. Dawa ya presha meza ukishafuturu, usingoje mpaka kichwa kiume. Msalimie sana Amirah. Mimi mzima wa mwili. Mvua ya hapa haijui kukatika.

Nilikuacha nje ya kitabu ili nisikupoteze. Kila niliyemwandika amenikimbia. Gudrun akiniona dukani anageuza kigari chake. Eivind anazungumza nami kupitia wakili. Watu wa hapa wanasema nawala watu wangu mwenyewe. Nikasema, Saumu hapana, huyu nimbakishe.

Kuhusu Mama, niseme nini? Uliponipigia alikuwa ameshazikwa. Alifariki asubuhi na kabla ya Alasiri mlishatoka makaburini, kama dini inavyotaka. Mimi nilikuwa kwenye foleni dukani. Nikalipia mkate, nikatoka nje, nikasimama tu. Wewe ulipata kumshika. Miaka yote wewe ndiye uliyempata Mama, na homa zake, na vichekesho vyake, hata na hasira zake. Unanipigia hadithi ya wivu? Mimi nilikuonea wivu kabla sijajua kuandika kitabu. Kwenye ule ukurasa nilijiweka pale ulipokuwa wewe, kwa sababu ndipo nilipotaka kuwa.

Nisamehe, Dada.

Mdogo wako,
Aaliyah


Kaloleni
14 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salaam. Idd imepita salama, alhamdulillahi. Wageni walikuwa wengi, pilau ikaliwa ikaisha, na kila aliyenawa mikono aliniuliza lilelile: kwani Saumu, wewe na Aaliyah mna nini?

Eti umenibakisha. Umebakisha nini? Mtu akikisoma kitabu chako anajua Mama alizaa mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe ni wewe. Si ungenitukana tu! Ungesema nina mdomo, nina kiburi, kwamba nilikuchapa na mwiko kwa sababu ya kitumbua. Ungeniita mchawi, basi, nami ningekuwamo.

Na ulitaka kuwa pale? Ndege zilikuwa zikiruka miaka yote Mama akiwa hai. Alikuwa akikuulizia kila Ijumaa, nami nikimdanganya kwamba umesema utakuja.

Samahani yako kaa nayo. Kitabu kikichapishwa tena, niweke. Andika kwamba Saumu ndiye aliyemwosha Mama. Sentensi moja tu, sikuombi zaidi. Mpaka siku hiyo usiniandikie.

Dada yako bado,
Saumu


Bergen
12 Septemba 2024

Dada Saumu,

Assalaam aleikum. Ulinikataza kuandika, najua. Presha je? Amirah je? Nakuandikia kwa sababu nimebanwa na sina mwingine.

Muuguzi mmoja Msomali wa hapa Bergen amekisoma kitabu, akaandika gazetini: Waislamu hawachelewi kuzika, sasa huyu mwandishi alifikaje kutoka Norway kumwosha mamake? Swali dogo tu. Lakini mimi nilishasema kwenye televisheni kwamba kila kitu kitabuni kilitokea, na kwamba ndiyo sababu natumia majina ya watu. Nikaogopa. Nikawajibu kwamba nilikuwa nimekuja huko likizo, Mama akanifia mikononi.

Sasa gazeti linamtuma mwandishi wake Kisumu kuhakikisha. Anaitwa Ragnhild. Ikijulikana nimedanganya hapo, Gudrun atasema nimedanganya kote. Eivind ameshanishtaki, naye atashinda. Mchapishaji wangu ataniacha. Sitachapishwa tena, Saumu, na kazi nyingine sijui.

Ile sentensi yako nilikuwa nimeshaiandika, haki ya Mungu. Nikiichapisha sasa nimekwisha. Mwambie Ragnhild nilikuwepo. Nakupigia magoti, haya haya mabovu.

Mdogo wako,
Aaliyah


Kaloleni
2 Oktoba 2024

Aaliyah,

Salaam. Presha imeshuka kidogo. Amirah hajambo.

Mgeni wako alikuja jana, mwanamke mrefu, mpole, viatu vimejaa vumbi letu. Mjomba Nasir alimfungia mlango, hata jina lako hakutaka kulisikia. Lornah akaja mbio, eti yeye anajua kila kitu. Nikamkata jicho akarudi kwenye omena zake. Bi Rukia naye habari za maiti hasemi hata na imamu. Kwa hiyo Ragnhild akabaki na mimi. Nikamkaribisha ndani, nikampa chai ya maziwa.

Nitakuambia ukweli. Nilikuwa nimepanga kukuchoma. Nilivaa hata buibui la Idd, maana nilijua atanipiga picha. Nilitaka gazeti la huko liandike jina langu kubwa, kila mtu aliyekulilia aone.

Basi akafungua ule ukurasa, akaanza kuuliza, Amirah akitafsiri. Mama alilazwa vipi? Hina ilifika wapi, vidoleni au nyayo nzima? Kila neno analiandika. Nikaona nikisema tu kwamba hukuwepo, mtabishana huko juu ya mwili wa Mama, magazeti na mahakama, mawakili wakiulizana habari za miguu yake. Siku ile nilimwosha chini ya shuka ili hata Bi Rukia asimwone zaidi ya lazima. Nilishindwa kumfunua mbele ya watu.

Nikamwambia ulikuwepo. Nikamwambia ulimwosha wewe, na hina ulimpaka wewe. Hakuniambia niape, namshukuru.

Akaniuliza, "Na wewe ni nani wa marehemu?" Akapekua kitabu kulitafuta jina langu, hakulipata. Ikawa rahisi. Nikasema mimi ni jirani. Akanishika mkono, akasema Mama alibahatika kupata jirani kama mimi. Alipoondoka nililia mpaka Amirah akaogopa.

Ile sentensi yangu ifute. Usiniweke kitabuni, si hiki wala kijacho. Ulitaka Mama awe wako peke yako na sasa ni wako, hata mimi nimeshuhudia. Kaburi lake nitaendelea kulifagia kila Ijumaa. Ukija kulizuru, bisha hodi kwangu kama mgeni yeyote, nitakuonyesha lilipo.

Jirani wa marehemu mama yako,
Saumu