Udongo Mwekundu kwenye Mikono ya Zaina

Likasi, Jumapili

Mama yangu mupenzi,

Kabla sijasema neno lingine niambie: ule mugongo bado unakushika asubuhi ukiinama kufagia? Na kikohozi cha Bibi kimepoa? Huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Saidi iko na afya, anaendesha kamio lake la mizigo kwenda Kolwezi na kurudi, na akifika nyumbani anakula bukari kama muntu aliyetoka kufunga. Zaina, majina yako mudogo, aliyepewa jina lako, ni muzima pia, na barua hii ni yake. Kwa simu kule Kasongo sauti inakatika, halafu minye nalia kwa furaha, halafu wewe unafikiri kuna musiba. Bora niandike. Kaka Juma akusomee polepole, asiruke hata kidogo.

Mama, ulipomuona mwisho, Zaina alikuwa bado wa kubebwa. Sasa anaota meno ya mbele ya pili. Kusema bado hasemi. Ukimuita jina hageuki. Maji yakimugusa kichwa analia mupaka wapangaji wote tunaokaa nao parseli moja wanatoka inje. Na jambo lililonichoma kuliko yote: hakutaka kuguswa. Minye tu, kidogo, akiwa na usingizi. Baba yake akirudi safari akamunyooshea mikono, mutoto anaingia chini ya meza. Saidi anacheka, anasema, "Ni harufu ya mazutu ya kamio, hata minye ningekimbia." Lakini nilikuwa namuona vile anavyosugua mikono kwa sabuni kabla ya kuingia ndani.

Basi mwanzo wa mvua akaja wifi yangu Feza, dada mukubwa wa Saidi, yule anayelima Kapolowe. Si muntu mubaya, Mama. Iko na moyo mukubwa, na sauti kubwa zaidi. Akasikia Zaina analia na majirani wananung'unika, akasema, "Saidi, unipatie huyu mutoto. Kwetu kuko nafasi. Alie vile anataka, mahindi hayatamulalamikia."

Saidi hakukataa. Unamujua: kutokataa kwake ni nusu ya kukubali. Wakapatana kwamba mvua zikiisha Feza atakuja kumuchukua, na Zaina akae kule moja kwa moja.

Chakula kikanishinda. Nani kule Kapolowe angejua kwamba akivuta sikio ana kiu? Nani angejua kwamba ukimuimbia kwa kinywa kilichofungwa anatulia? Niliomba sana, na jibu likanijia na harufu ya samaki: jirani yangu Mama Kapinga, muuzaji wa samaki. Mutoto wake Papi ni kijana wa ndevu, lakini akili yake imebaki ya kitoto, na anatushinda sote kwa furaha. Akaniambia nimulete Zaina kwenye atelie anakompeleka Papi, chumba kimoja nyuma ya kanisa lao la maombi. Minye Muislamu, nikasimama mulangoni kama mwizi. Mama Kapinga akacheka: "Weye mama, hapa hatubatize muntu, tunapaka rangi tu! Ingia!"

Mwenye atelie ni Mama Odette. Alijifunza Lubumbashi namna ya kusaidia watoto kama wetu kwa rangi na udongo. Siku ya kwanza alituambia, "Hapa si masomo ya kuchora. Mutoto yenye haiko na maneno, mambo yake iko ndani bado. Tunamutafutia mulango ya kutokea."

Rangi za duka Zaina alizinusa tu, akapiga kelele. Nikafunga kikwembe changu kiunoni niondoke. Mama Odette hakushtuka, akasema, "Kesho atapata yake." Kesho yake akaleta udongo mwekundu wa kichuguu, pemba, ule udongo mweupe kama chaki, na makaa yaliyosagwa. Udongo wa upande wa Kamatanda hautaki kabisa, anasema wa migodi una sumu, haufai mikono ya watoto. Huu wake anauchekecha kwa chujio la chai na kuukoroga na uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Zaina akanusa. Hakulia. Akatia kidole kimoja, akakitazama kama kidole cha muntu mwingine.

Sasa sikia vile sisi akina mama tulivyofanya. Tunajua daftari safi ndilo linalosifiwa masomoni, basi kila mama alikamata mukono wa mutoto wake akauongoza. Papi na mwili wake wote alikuwa anasukumwa na mama yake kama toroli! Mama Odette akatuacha. Mwishoni akaanika makaratasi yote kwenye kamba. Mama, yote yalikuwa na nyumba ya mabati, ua, na jua kwenye kona.

"Hii ni ya nani?" akauliza. Hakuna aliyejua. "Na hii?" Akapiga makofi. "Aksanti! Bamama munachora muzuri sana. Batoto nao, batachora lini?"

Tulicheka mupaka Mama Kapinga akafunguka kilemba. Tangu siku hiyo, kila mama akiingia anapewa beseni ya karanga, anakaa ukutani kumenya. Mikono yetu iwe na kazi yake. Karanga zinasagwa, watoto wanakula na uji. Usifikiri ni kazi nyepesi, Mama. Kumenya karanga huku unamuona mutoto wako anakosea, hiyo ni saumu kabisa.

Lakini ndipo Zaina alipoanza. Kidole kikawa viganja. Anapaka kitambaa kilichotandikwa chini, anarudi nyuma, anapaka tena, na kinywani ananguruma kwa raha. Siku moja udongo ulimurukia kichwani, akaendelea tu. Nikashindwa kuona karanga kwa machozi.

Mvua zikaisha. Feza akaja na begi tupu la kutia nguo za mutoto. Sikubishana. Nilisema, "Wifi, baba Zaina, mumuone mara moja tu akiwa kule kwa Mama Odette. Halafu museme." Ilikuwa Ijumaa, Saidi akaja moja kwa moja kutoka musikitini, na kanzu nyeupe ya sala.

Zaina alikuwa mwekundu mupaka viwiko. Hakuinua macho. Saidi akachuchumaa, akaona mistari na madoa, akakamata kijiti cha rangi. "Kuya, mama, tuchore nyumba. Hivi. Na dirisha."

Mama Kapinga akapaza sauti kutoka ukutani: "Papa Zaina! Karanga iko huku!"

Wote wakacheka. Zaina alikitoa kile kijiti mukononi mwa baba yake, taratibu, akakiweka chini. Akatazama kanzu. Akachovya kiganja, akakibandika kifuani kwa baba yake, pale katikati. Hakukitoa. Akakiacha palepale, anatazama kiganja chake, na kifua cha Saidi kinapanda na kushuka chini yake.

Hakuna aliyemenya karanga.

Saidi akasema polepole, "Feza. Unaona?"

"Naona," Feza akajibu. "Ile haitoke na sabuni."

"Sikusema kanzu."

"Najua haukusema kanzu."

Zaina akachovya tena. Saidi akakaa chini kabisa, miguu mbele, akasema, "Ongeza, mama. Ongeza." Na mutoto akaongeza, bega, tumbo, mukono, mupaka Papi naye akaja na pemba kumalizia mugongo.

Feza akavua viatu. Akachukua udongo kidogo, akausugua vidoleni kama anavyofanya akikandika kuta za nyumba yake. "Mama Odette, huu udongo yenu iko na muchanga mingi. Itapasuka. Kwetu Kapolowe kuko mwekundu laini, na kuko wa manjano. Hata huyu shofere wa kamio angeona tofauti."

Saidi akamuuliza, "Na Zaina? Begi yake?"

"Begi gani ya Zaina?" Feza akasema. "Minye nilikuja kutafuta bei ya mbolea. Lile begi nitalileta na udongo."

Na ameleta, Mama. Jana. Zito mupaka kondakta wa basi aligombana naye njia nzima. Zaina sasa iko na manjano, anaipaka tu kando ya nyekundu, haichanganyi. Bado hasemi, sitakudanganya. Lakini jioni Saidi akirudi anasimama mulangoni na mikono yake ya mazutu, anangoja. Siku nyingine mutoto anakuja, siku nyingine hakuji. Anangoja tu.

Nisalimie Bibi, umubusu kichwani. Nisalimie Kaka Juma musomaji wetu na muke wake anayekaribia kuzaa, na mwalimu wa madrasa aliyenifundisha hizi herufi, na jirani anayekuchotea maji. Na kipande cha kitambaa kilichokunjwa ndani ya bahasha usikifue, ni mukono wa majina yako.

Minye binti yako akupendaye,
Mwamini, mama ya Zaina