Unga Juu ya Kichwa cha Feza

Kasuku, Kindu, tarehe 3 Machi 2024

Mujomba Sumaili,

Asalamu aleikumu. Mukoje huko Lokandu? Muguu wa mama Salima umepona? Sisi tuko wazima, shukrani kwa Mungu. Usingizi tu njo haupo: Shukuru anaota meno, ananyonya kama vile kesho hakuna. Nakuandikia akiwa mugongoni, kwa hiyo ukiona maneno yanapanda mulima, ni yeye anaruka.

Célestin wa pirogi, yule anayebeba watu na mizigo mutoni, ameleta barua yako. Unasema Feza atoke huku kwetu arudi nyumbani, familia ya Amisi imekuja kumuposa, na binti anayekaa sana shuleni anakauka kama samaki juu ya moto. Mujomba, sishindani na wewe. Wewe njo ulinilea. Lakini mutoto wako amebakisha miezi michache tu afike kwenye mutihani wa Leta, ule wa serikali unaotoa diplome ya kumaliza sekondari. Umutoe leo?

Ungekuja Jumamosi moja kwenye uwanja wa musikiti uone kikundi chetu! Vijana wakubwa wanashika wadogo mukono. Mwalimu Sefu anafundisha Kurani. Hesabu ni ya jirani yangu Albertine, Mukristo wa Misa ya kila asubuhi. Anawaambia: «Ukisali Ijumaa ao Jumapili, mbili mara mbili ni nne!» Na Feza njo anafundisha wadogo kusoma.

Mimi nani alinifundisha? Wakati wa vita, shule zimefungwa, sisi tumejificha porini, ni wewe uliniandikia herufi kwa mukaa juu ya kipande cha ubao. Nami nilikuwa binti.

Umuache afanye mutihani. Nakuomba, na sitachoka kukuomba.

Mupwa wako,
Mwanaidi


Lokandu, tarehe 20 Machi 2024

Mupwa wangu Mwanaidi,

Aleikumu salamu. Saumu inaendaje na huyo munyonyaji wako? Mupe uji, ao atanyonya mpaka aote ndevu. Muke wangu mama Salima anatembea, na anagombana, kwa hiyo amepona.

Unajua kwa nini naogopa. Vita ilikuta watoto wangu wametawanyika. Wale waliokuwa mbali na mukono wangu, sikuwaona tena. Feza njo amebaki. Nikimuona karibu, nalala.

Lakini ule ubao umenikumbusha vibaya. Basi, afanye mutihani. Akipita, tutazungumza. Akianguka, tukivuna mupunga, anaolewa. Neno langu ni moja.

Mujomba wako,
Sumaili


Lokandu, tarehe 14 Julai 2024

Mwanaidi wangu!

Salamu nyingi, afya nitauliza mwisho. Mbona ulinificha?

Jana nilikuwa naparua samaki pale bandarini. Nikaona pirogi ya Célestin inakuja, imejaa watoto wa kikundi chako, wamevaa nyeupe chini mpaka juu, wanaimba kasida. Feza amesimama mbele, poda imemujaa kichwani mpaka kwenye kope, kabisa kama wanavyomwagiwa wote waliopata diplome. Mama Salima alipiga kigelegele, Lokandu yote ikamujibu. Nilitupa samaki, nikakimbia. Mimi, na miaka yangu!

Nimechinja mbuzi. Nikasimama mbele ya watu wa musikiti, nikasema: «Kuanzia leo, binti wa Lokandu asome mpaka yeye mwenyewe aseme amechoka. Na nyumba yangu njo itakuwa ya kwanza.» Baba Amisi alikuwa anatafuna nyama. Nikamwambia: «Kula, ndugu, lakini posa yako ingojee.» Wenzake wamerudi, Feza nimemubakisha apumuzike. Analia tu. Furaha imemuzidi.

Shukuru ameota meno mangapi?

Mujomba wako mwenye kichwa juu,
Sumaili


Kasuku, Kindu, tarehe 17 Julai 2024

Mujomba,

Asalamu aleikumu. Kabla ya kusoma, ukae chini. Umekaa?

Matokeo ya mutihani hayajatoka.

Watoto walikuja kuimbia wazazi kasida, basi. Nguo nyeupe ni za kasida. Na ile juu ya kichwa cha Feza haikuwa poda. Célestin ananieleza kwamba alipakia magunia ya unga wa muhogo, mashua kubwa ikapita karibu, wimbi likapiga, gunia likaanguka juu ya mudogo wangu na kupasuka. Feza hakulia kwa furaha, analia kwa woga. Alimunong'oneza Célestin: «Nimwambie baba nini? Mbuzi amekwisha kufa.»

Nilicheka mpaka nikaamusha Shukuru. Halafu nikalia. Najua wewe ni mutu wa heshima, na najua haya iliyokupata sasa.

Lakini nisikilize mimi mutoto wako. Mbuzi hafufuki, na neno halirudi kinywani. Hukusema wasome wanaopita. Ulisema wasome. Usimupigie Feza kelele. Sote tungoje.

Meno ni mane. Ananiuma nayo.

Mupwa wako,
Mwanaidi


Lokandu, tarehe 29 Julai 2024

Mupwa wangu,

Aleikumu salamu. Mimi muzima, ijapokuwa sasa jina langu ni Baba Unga. Hata watoto wadogo wananiita hivyo. Célestin hana siri, mudomo wake una motere, unakimbia kuliko pirogi yake.

Mwanzo nilijifungia ndani. Nikasema nitarudi musikitini, niseme nilikosea, na Baba Amisi alete posa yake. Asubuhi nafungua mulango, nakuta wamama wamesimama na mabinti wao. Wamewaosha nyuso, wamewasuka. Mumoja akasema: «Baba Unga, tulisikia neno lako. Tumewaleta.» Nilitaka kusema nilikosea. Wale watoto waliniangalia, nikawaambia wakae barazani.

Nimemwambia Baba Amisi: akipita, akianguka, Feza anasoma. Amenuna, lakini mbuzi alimula.

Nimetafuta ubao. Mukaa hauwezi kukosa hapa. Feza anafundisha upande mumoja wa baraza, mimi upande mwingine, Jumamosi kama kwenu. Wengine tayari wanaandika majina yao. Mwanaidi, nilikuwa nafikiri mutoto aliye mbali nimemupoteza. Kumbe wewe uko mbali miaka yote hii, na kazi ya mukono wangu umeishika.

Bado naogopa. Lakini nalala.

Mujomba wako,
Sumaili Baba Unga


Kasuku, Kindu, tarehe 6 Agosti 2024

Mujomba wangu mupenzi,

Asalamu aleikumu. Leo nisamehe, habari za muguu nitauliza kesho. Maneno yanapanda mulima tena, na safari hii siyo Shukuru anaruka, ni mimi.

AMEPITA! Ujumbe umeingia kwenye simu asubuhi, nikapiga kelele hata Albertine akaruka kizingiti na mwiko mukononi. Tumecheza katika kiwanja, yeye na mwiko, mimi na mutoto mugongoni, mpaka uji ukaungua.

Nilitaka nikutumie poda umumwagie binti yako. Nimezunguka Kasuku yote. Maduka yamekauka, vijana wamemaliza poda ya muji muzima, barabara ni nyeupe kama mawingu.

Kwa hiyo nimemupakia Célestin gunia la unga wa muhogo, laini, nimelichekecha mimi mwenyewe. Feza asimame pale pale bandarini. Uite wamama, uite wale mabinti wa ubao, na Baba Amisi pia.

Halafu ulipasue, mujomba. Safari hii, usikimbie.

Mupwa wako,
Mwanaidi