Usishuke Ndani ya Tangi

...na bado sijamaliza yale tuliyoyaanza ukipanda basi la Nakuru, mume wangu mpenzi. Ulisema, "Usijali, kazi ni ile ile ya kuosha vyuma, ila tangi la dawa la huko ni kubwa, mtu anashuka ndani kulikwangua." Ukacheka. Mimi tangu siku hiyo sili nikashiba.

Unakumbuka Jumapili yetu ya kwanza hapa mtaani Bahati, hata wiki hatujamaliza tangu harusi? Ulileta kichupa cha ile dawa yenu ya kuondolea grisi kwenye vyuma, ukaimimina ndani ya bilauri ya maji. Ikazama, ikatulia chini, angavu kama maji yenyewe, wala isichanganyike nayo. Na harufu yake ilivyokuwa tamu! Nikapiga makofi, nikakuita mchawi wangu, ukanibusu mbele ya dirisha wazi, majirani wakiona!

Na yale maziwa, jamani! Kila jioni uliniletea pakiti yako ya kiwandani, nami nikinywa najiona malkia. Juzi nilijisifu kwa Otieno, mwenzako wa kiwanda cha hapa. Akashika mbavu kwa kicheko. "Shemeji, kumbe mtoto mchanga ni wewe? Hayo tunapewa tuoshe kifua, sababu ya ile dawa!"

Nilicheka naye. Alipoondoka nikalia.

Kesho yake nikamwendea mwalimu aliyenifundisha kemia shuleni, nikamweleza harufu ya ile dawa na ilivyozama majini. Akaniambia dawa hiyo ni trikloroethilini, na kwamba maziwa hayaoshi chochote, kwa kuwa sumu yenyewe huingia kwa pumzi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya ndani ya tangi, chini kabisa. Mtu akishuka humo hulewa, akasinzia, na pengine asiamke. Hata akiamka kila siku, ini lake linaumia polepole.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukirudi unayumba, kichwa kinakuuma, nami nikikutania, "Leo umepitia baa gani?" Nawe hata tone hukuwa umeonja. Nisamehe, mpenzi.

Wakikwambia ushuke, kataa. Mnyapara akikufukuza, rudi nyumbani. Kazi nyingine tutaitafuta pamoja. Mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na mshahara.

Nitakuja Nakuru kabla mwezi huu haujaisha. Siku hiyo nataka uniangalie machoni uniambie hukushuka.

Mkeo anayekupenda mno