Kiini cha Yai na Pumzi za Mtoto

Jumapili, 3 Juni 1962. Jadida, Wete

Yai la tano. Dada yangu Zuwena amekila kiini chote, nami nimesimama mlangoni kama askari, bibi yetu asije akamnyang'anya. Mimba ya miezi saba na nusu. Hapa kwetu mja mzito haruhusiwi yai: eti mtoto atazaliwa hana nywele. Jana niliwahutubia wanawake wa mtaa. Mnamnyima mama lesithini, nilisema, mafuta yanayojenga ukuta wa kila seli, ya ini hata ya ubongo. Kiini cha ujinga wetu ni kukikataa kiini cha yai. Walicheka. Bi Riziki, mkunga, aliniuliza: "Na kuku, bibiye msomi, aliyejaa kitu hicho tele, mbona hana akili?"

Niliondoka wakiendelea kucheka. Hasira mpaka sasa.

Jumanne, 5 Juni

Zuwena amejifungua alfajiri, kabla ya wakati. Mwanamume. Anaguna kila akitoa pumzi, mbavu zinadidimia. Wanawake wanasema ni mayai yangu. Si mayai. Bibi hasemi nami.

Daktari amekuja mchana. Dawa ya hili haijapatikana popote duniani. Mtieni joto, amesema. Akivuka siku tatu, huenda akaishi.

Jumatano, 6 Juni

Najua kinachomkaba. Muhula uliopita chuoni mwalimu alitueleza habari mpya: ndani ya mapafu mna utando wa mafuta, mwembamba kupita kiasi. Pasipo huo, vifuko vya hewa hunywea na kushikamana kila pumzi inapotoka. Na utando huo, sehemu yake kubwa, ni lesithini. Ile ile. Nilisikiliza nusu, nilikuwa naandika hotuba ya mgomo wa wanafunzi juu ya chakula.

Hakuna yai litakalofika huko. Pafu hujitengenezea lenyewe, nalo la mtoto huyu halijaanza, au linaanza sasa. Nimemweleza Zuwena. Ameuliza neno moja tu: "Litawahi?"

Nimesema sijui. Sijapata kulisema neno hilo mbele ya mtu.

Alhamisi, 7 Juni

Midomo ya samawati. Bi Riziki amemlaza kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga kanga pamoja. Adhuhuri pumzi ilikatika. Akamkwaruza unyayo kwa ukucha. Ikarudi. Nilihesabu pumzi, nikaacha. Waseme watakavyo juu yangu. Aishi tu.

Ijumaa, 8 Juni

Kuguna kumekoma. Mbavu zimetulia.

Hakuna aliyempa kitu. Pafu lisilojaa kiganja limepika mafuta yake gizani, bila hotuba, bila amri ya kiumbe yeyote, likayatandaza katika kila kifuko. Subhanallah. Nimepatwa na haya, kama mtu aliyejikuta msikitini na viatu miguuni.

Bi Riziki amelala akiegemea ukuta, mdomo wazi. Mtoto ananyonya kwa mara ya kwanza. Anaacha, anapumua, ananyonya tena. Nimekaa karibu nao.