Moto wa Pili

Jumapili, 3 Agosti 2025

Dirisha limefunguliwa nusu. Ndiyo ruhusa ya leo. Naiona gereji yetu ng'ambo ya barabara – kibao, mlango, na mgongo wa shemeji yangu Abdulmalik. Amekalia kiti cha kaka yake na miguu ameinyoosha mpaka njiani. Wateja wanairuka.

Abdulatif wangu alifariki mwezi wa sita. Homa tu, ikageuka, basi. Mimi niko eda. Miezi minne na siku kumi, sitoki, sijipambi, manukato hapana. Mama mkwe, Bi Esha, ndiye mlinzi wa mlango. Ni mlinzi mwenye huruma, uji wangu hauchelewi hata asubuhi moja, lakini ni mlinzi.

Na kuna jambo ambalo mji wa Kitui haulijui. Zile stika za kaboni zilizowatia wazimu vijana wa bodaboda, nilikuwa nazibandika mimi. Abdulatif alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na mikono. Yeye anamwambia mteja pikipiki yako itafanana na za mashindano huko Ulaya; mimi niko chumba cha nyuma na draya ya hewa moto, navuta stika nyeusi iliyofumwa kama mkeka juu ya tangi mpaka ishike. Hatukuona sababu ya kutangaza. Mteja anataka fundi mwanamume, apewe fundi mwanamume! Tulikuwa tukicheka usiku.

Sasa sicheki. Watu wanasema fundi amekufa.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi inanifikia kwa mlango wa jikoni. Abdulmalik anafungua kipande kwenye pikipiki, anakifunika kwa leso ndani ya kikapu, Bi Esha anakibeba kama ndizi. Leo madigadi ya mbele. Nikaipangusa kwa spiriti, Bi Esha akaingia akinusa hewa.

"Hayo si manukato?"

"Ni spiriti, mama. Ya kutoa grisi."

Alinusa tena, akaridhika. Mimi hata wanja sipaki, ila madigadi ya watu naipamba hadi inang'aa. Nilimwambia hivyo. Alitaka kucheka, akakumbuka tuko msibani.

Abdulmalik jioni alisimama uani, akaongea na ukuta. Gereji haiwezi kukaa bila mama mwenye nyumba, alisema. Kisha akakohoa.

Mjane aliye eda haposwi. Ni haramu kutamka. Kwa hivyo shemeji yangu hatamki – anakohoa! Ana mke huko Mwingi na bado ana kikohozi.

Tatizo ni hili. Siwezi kukataa kitu ambacho hakijasemwa.

Jumapili, 10 Agosti

Aibu. Mwangangi, mwenyekiti wa stage ya bodaboda, alikuja kuchukua pikipiki yake, na kelele zake nilizisikia hadi huku. Kava ya kushoto mkeka wa stika unapanda, ya kulia mkeka unashuka. Anasema pikipiki inaonekana kama mtu aliyevaa viatu viwili tofauti.

Ana haki. Kosa ni langu. Lakini nitaonaje? Naletewa pande la kushoto Jumatano na la kulia Ijumaa, ndani ya kikapu, pikipiki yenyewe sijaiona; ikiingizwa uani, mji utajua. Ningevuka barabara mara moja tu, nikasimama mbele yake, ningejua mkeka ulale wapi. Barabara yenyewe mbuzi anaivuka akitafuna.

Mwangangi ameahidi kuleta pikipiki za stage nzima tukijirekebisha. Stage nzima! Abdulatif aliitafuta kazi hiyo tangu mwaka jana.

Jioni Abdulmalik akapata jibu lake: "Mama, mwambie anifundishe. Mimi naiona pikipiki, yeye haioni. Kazi iwe ya nyumba, isiwe ya mtu mmoja."

Bi Esha akanitazama. Nikasema nitafikiria.

Jumanne, 12 Agosti

Mke wa ustadhi alikuja kunitazama. Nikamuuliza bila kuzunguka: mjane anaweza kutoka mchana akafanye kazi yake? Akasema kwa haja, anaweza, bora usiku alale nyumbani kwake.

Moyo uliruka! Kabla haujatua Bi Esha akauliza kwa upole, haja ni nini, ikiwa mwanamume wa kufanya kazi hiyo yupo?

Mke wa ustadhi akanywa chai. Akasema, kama yupo, basi haja haipo.

Yupo. Amekalia kiti.

Ijumaa, 15 Agosti

Baba alipiga simu kutoka Mbumbuni. Yeye bado ananiita Nthenya. Safa ni jina la huku, la baada ya kusilimu, na yeye hulimeza kama dawa. Nilifikiri atasema rudi nyumbani, mwiitu wakwa, binti yangu, ukae na mama yako. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

Hapana. Anasema mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa, walikuja, wakachinjwa, wakaliwa, na mbuzi akishaliwa msichana ni wa boma lile. Mume akifa, boma halijafa. Na ndugu wa marehemu si yuko? Baba yangu, mzee wa kanisa, anayefunga redio ikiimba kitu kisicho cha injili!

Bi Esha anasema subiri eda iishe. Baba anasema mbuzi waliliwa. Dini mbili ambazo hazijawahi kukubaliana hata juu ya siku ya kupumzika, zimekubaliana juu yangu.

Na nikikimbia, nikimbilie wapi? Mbumbuni pikipiki zipo, lakini gereji yangu iko hapa, draya yangu iko hapa, na jina – kama lipo – liko hapa. Nilikaa chini nikalia kweli. Sikulia kwa ajili ya Abdulatif leo. Nililia kwa ajili yangu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemfundisha.

Tulikaa uani. Mimi huku, yeye kule, Bi Esha katikati akichambua mchele, asiangalie na asikose kitu. Tangi la zamani juu ya stuli.

Nikamwonyesha kuosha. Spiriti. Kukata stika ukiacha ziada. Kuilaza kutoka katikati kwenda nje, kwa kadi ngumu iliyovishwa kitambaa. Kiputo cha hewa kikibaki, ukitoboe kwa sindano. Draya ilainishe stika kwenye mikunjo, uivute taratibu, usiilazimishe. Ana mikono mizito lakini si mjinga. Mara ya tatu tangi lilitoka safi. Akafurahi kama mtoto, akalipiga kofi.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

Siyo hiyo. Stika hii ina kichwa kigumu – haisahau ilivyokuwa. Ukimaliza, lazima urudi pembeni kote na moto wa pili, mkali kuliko wa kwanza, hadi iache kukumbuka. Usipoichoma hivyo itakaa vizuri kivulini. Ikipata jua siku kadhaa, inaanza kujikunja irudi kuwa karatasi.

Sikumwonyesha moto wa pili. Haja haipo mpaka mwanamume ashindwe? Basi ashindwe.

Jumanne, 19 Agosti

Nimelala vizuri. Nilidhani sitalala.

Jumamosi, 23 Agosti

Pikipiki za stage zimeanza kuingia, ya Mwangangi ya kwanza, ibandikwe upya. Nimezihesabu dirishani hadi nikachoka. Abdulmalik anaimba. Anabandika nje, mbele ya watu, mikono ya shati ameikunja – kitu ambacho mimi sijawahi kufanya hata mara moja maishani. Vijana wanapiga picha.

Bi Esha amesimama nami dirishani. Anasema, hata kaka yake alianza hivi hivi. Nikajibu ndiyo, mama.

Nina wivu. Ni gereji yangu ile. Na ni mimi ninayeiharibu.

Jumamosi, 30 Agosti

Jua la Kitui limerudi. Mabati yanalia.

Kasyoka alikuja kunipa pole kwa mara ya pili. Yeye ni dereva wa bodaboda, mwanamke pekee pale stage, na kwa kuwa ni mwanamke Bi Esha humwachia apite. Hakukaa hata chai imiminwe.

"Nthenya, hii kitu imeanza kufunguka. Cheki." Akanionyesha picha kwenye simu. Pembe ya tangi lake imeinuka, vumbi limeingia chini. "Na si yangu peke yake. Ya Mwangangi pia. Wasee wanasema mkono wa bwanako ndio ulikuwa poa. Huyu wa saa hii ni wa kubahatisha."

Sijui nini kilinishika. Nikachukua draya, nikachukua madigadi ya zamani iliyokuwa mezani, nikapitisha moto wa pili mbele yake. Hakuuliza. Alitazama mkono wangu, kisha akatazama uso wangu.

"Kwani ni wewe?"

Nikasema huu ndio moto ambao sikumfundisha shemeji. Akapiga makofi mara moja, kimya kimya, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Nilimwapisha asiseme. Alikubali haraka mno.

Jumanne, 2 Septemba

Kasyoka amesema.

Si kwa ubaya. Walikuwa wakimtukana marehemu pale stage, kwamba gereji ya Abdulatif ilikuwa utapeli tangu mwanzo, akashindwa kuvumilia. Akawaambia mwenye kazi yuko ndani, na kuna moto ambao huyu wa nje hajafundishwa. Alinipigia kuomba msamaha, analia. Nikamwambia si kitu.

Ni kitu. Abdulmalik hajaimba leo.

Jumamosi, 6 Septemba

Mwangangi alikuja na wenzake, stika za pikipiki zao zimejikunja pembeni kote. Sikuhitaji dirisha kusikia. Alisema hataki vita na watu wa msiba, lakini Jumanne zisipokuwa sawa, stage nzima inapeleka kazi kwa fundi wa Wote na gereji hii wataipita kama kaburi. Halafu akajisahihisha – samahani, si kama kaburi.

Abdulmalik alijitetea vibaya. Alisema stika ni za bandia. Alizinunua marehemu, alisema.

Hapo nilisimama. Nilifika hadi kizingiti cha jikoni. Mguu mmoja ulikuwa tayari hewani! Bi Esha alikuwa anapepeta, hakuinuka, alisema tu jina langu. Safa. Nikarudi.

Usiku wote nimejiuliza nimepata nini. Nilitaka ashindwe ili mlango ufunguke. Ameshindwa, na anayezikwa ni Abdulatif kwa mara ya pili. Nikifundisha moto wa pili, gereji inapona na inakuwa yake, na mimi nakuwa mke mdogo wa kupika huku nikitazama dirishani. Nisipofundisha, hakuna gereji ya kugombania. Nimejifungia mwenyewe, na ufunguo nimeumeza.

Jumanne, 9 Septemba

Naandika haraka.

Asubuhi pikipiki zote ziko nje. Mwangangi yuko juu ya yake, mikono kifuani. Abdulmalik akaja uani, na leo hakukohoa. Akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Mama, kuna kitu huyu ameficha. Mwambie akitoe. Siri ya nyumba ni ya nyumba."

Bi Esha akaingia kwangu. Akafunga mlango, jambo asilolifanya mchana. Akakaa kitandani. Mama huyu hajawahi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni chakula kipo kumbe hakipo.

"Safa. Kuna kitu hujamfundisha?"

Niliangalia sakafu. Nilitaka kusema hapana. Ningeweza kumwambia Abdulmalik hapana mara mia, lakini si huyu, aliyenikanda miguu usiku ule wa kwanza nilipokataa kula.

"Kipo," nikasema. "Kipo, mama. Nilificha makusudi."

Hakukasirika. Hilo lilinitisha zaidi. Alikaa akizungusha pete yake. Kisha akainuka, akatoka, akauacha mlango wazi kidogo, na nikamsikia uani akimwambia mwanawe, kwa sauti ile ile anayosomea Kurani:

"Nimemuuliza. Amesema hakuna."

Abdulmalik akaanza maneno. Mama akamkata. Akamwambia kazi imemshinda, atoke kwenye kiti. Akaenda hadi langoni, akamwambia Mwangangi aingize pikipiki moja uani na arudi alasiri. Mwangangi akauliza nani ataitengeneza. Sikusikia jibu.

Uongo! Bi Esha! Kwa ajili yangu!

Nilitaka kumkimbilia nimbusu mikono. Tayari alikuwa amerudi mlangoni mwangu, amebeba draya, waya wake ukiburuta vumbi. Akaiweka mapajani mwangu. Nikadhani anasema nenda, haja ipo, mwanamume ameshindwa. Nikaanza kuinuka.

Akanishika bega, akanikalisha.

"Sasa," akasema, "nifundishe mimi."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Nikamuuliza, wewe, mama? Akasema yeye hayuko eda, yeye anaruhusiwa kuvuka barabara, na macho yake hayajafa. Zaidi ya hapo hakusema. Hakusema kwa muda gani. Hakusema eda ikiisha ataniachia au atamwachia mwanawe wa kumzaa. Nami siwezi kumuuliza, maana amenibebea uongo, na bado ameubeba.

Pikipiki ya Mwangangi iko uani. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita naiona pikipiki nzima kwa karibu, mkeka kushoto na kulia, na tayari najua ulale wapi.

Ameenda kutafuta miwani. Namsikia anafungua droo, anafunga, anafungua nyingine.

Ameipata. Anakuja.