Sauti za Mama Kwenye Folda

Mdogo wangu, kijana wetu amepata kazi! Wamemchukua kuwa fundi wa mitandao ya kompyuta, ofisi ya ghorofani, kiti cha kuzunguka na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nimeshindwa kungoja hata nikusalimu kwanza. Haya sasa, hujambo? Mgongo unaendeleaje? Shemeji naye, bado anakoroma mpaka madirisha yanaitika? Sisi huku wazima, ila baba watoto analalamika kwamba habari hizi nimemsimulia hata mtu aliyekuja kusoma mita.

Kazi yenyewe ameipatia hapa hapa nyumbani. Walipomuuliza amewahi kufanya nini, akawaeleza alivyoiunganisha kompyuta kuukuu ya sebuleni na ile ya chumbani kwake kupitia kile kiboksi cha intaneti, akatengeneza folda moja akaishea. Akiweka picha kule, mimi huku naiona bila kuinuka kitini! Nilimwita jirani yangu mshonaji aje ashuhudie. Akasema kwao wakitaka kitu cha chumbani huwa wanakwenda chumbani, na hawajaumwa miguu. Wivu tu huo.

Mwanzoni kijana aliniwekea niweze kufungua na kutazama tu, nisifute wala kubadili kitu. Niliwaka. Nikamwambia haiwezekani mimi niliyembeba tumboni niwe mgeni kwenye folda iliyo ndani ya nyumba yangu. Akajaribu kunieleza kwamba ni kwa usalama. Baba yake naye akanisihi niachane na vitu nisivyovijua. Nikanuna kutwa nzima, chakula nikakitenga bila neno. Jioni kijana akanipa ruhusa zote, nami nikajiona mshindi.

Sasa naomba ukae kitako. Zile sauti za mama ulizomrekodi akiwa kitandani siku zake za mwisho, akitaja ukoo wetu, nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi, na pale anapokatiza kucheka kwamba mimi ndiye nilikuwa nalamba sukari na wewe ndiye unachapwa, zilikuwa kwenye folda ile. Uliileta kadi yako ya kurekodia kijana azihifadhi, na ni mimi niliyekuambia uifute uitumie kwa mambo mengine, kwamba kwangu zimefika pa kukaa.

Juzi juzi nikataka kuweka video za hotuba niliyotoa kwenye kikundi chetu cha akina mama. Kompyuta ikasema folda imejaa. Nikatazama, sauti za mama hizi hapa sebuleni. Nikaenda chumbani, nikazikuta tena kule. Nikajiuliza, za nini kuwekwa mara mbili? Nikafuta za sebuleni, nikijua za chumbani zipo, nikaingiza hotuba yangu.

Kumbe hazikuwa mbili, mdogo wangu. Folda ilikuwa moja tu, iko chumbani, mimi sebuleni nilikuwa naichungulia. Nikakimbilia lile pipa la kompyuta la vitu vilivyofutwa, tupu. Kijana akasema kinachofutwa kutoka kompyuta nyingine hakipitii pipani. Akahangaika na programu zake za kurudisha vilivyofutwa, lakini hotuba yangu ilikuwa imeshakalia nafasi ile. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimezisikiliza mpaka mwisho. Sikuwa nimezisikiliza. Kila siku nilisema kesho, kwa kuwa zipo.

Ulipopiga simu ukitaka nikuwekee usikie, nikakuambia umeme umekatika. Haukukatika. Nisamehe. Wewe ndiye uliyemuuguza mama, ukamgeuza na kumlisha. Mimi nilikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Na sauti yake uliyonikabidhi ndiyo hiyo nimeipoteza, kwa ajili ya kujitazama nikihutubia.

Nilikuwa nimepanga tuzisikilize sote siku ya kumpongeza kijana. Sherehe iko pale pale, lakini naomba kila mtu aje na anachokikumbuka kwa mama, kijana aturekodi. Mjomba ana vipande viwili vitatu vya upande wa bibi. Vingine vyote unavyo wewe, maana wewe ndiye uliyeketi ukamsikiliza. Usipokuja hatuna cha kurekodi. Kama una hasira, njoo nazo hivyo hivyo, unigombeze mbele ya watu nami nitanyamaza.

Mkumbatie shemeji, na wanangu wote wa hapo uwaambie mama yao mkubwa anawawaza. Ni mimi, dada yako, mama wa fundi.

Tunawangoja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, tangu asubuhi.